Maji Yako Mlangoni kwa Asumani

Barua ilipofika Rusenga, Leonia alikuwa anageuza dagaa juani, wala hakuinua kichwa, kwa sababu tangu azaliwe hakuna barua iliyowahi kumjia. Aliyeileta alikuwa Katibu Tarafa mwenyewe, Ndugu Leodgar, mtu wa Songea, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Ilagala mpaka suruali yake ikawa nyekundu kwa vumbi hadi magotini. Mwaka ule wa 1973, Katibu Tarafa akionekana kijijini, watu walijua mambo mawili tu: amekuja kuandikisha watu, au amekuja kuwahamisha. Rahabu, jirani yake Leonia, alikuwa amekwisha kuanza kuingiza kuku ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuhesabu tena?"

"Leo nimekuja kwa ajili yako peke yako. Wewe ndiye Leonia binti Nikodemu?"

"Si unanijua?"

"Nakujua. Lakini waliouliza ni serikali ya nchi nyingine, na mimi lazima niulize."

Akakaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, akatoa bahasha yenye stempu tatu za milima. Barua ilikuwa imepigwa taipu kwa lugha asiyoijua, na chini yake, kwa mkono mzuri wa kike, sista mmoja aliyewahi kufundisha Tabora alikuwa ameandika maelezo kwa Kiswahili. Ndugu Leodgar alisoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ilitoka katika nchi moja ya Ulaya, nchi ya milima na theluji, isiyo na bahari. Serikali ya nchi hiyo, kila mwaka, ilimtunukia mtu mmoja aliyeandika vizuri kuliko wengine kwa lugha ya Kijerumani. Kulikuwa na nishani na cheti, na kitabu cha mshindi kilichapishwa kwa gharama ya serikali. Mwaka huu aliyeshinda ni Bibi Leonia Nikodemu wa Rusenga, karibu na Kigoma, Tanzania, kwa kitabu chake.

"Kitabu gani?" Leonia akauliza.

"Ndilo nililokuja kukuuliza."

Rahabu alitoka na jogoo kwapani. "Nishani inaliwa na ugali?"

"Inavaliwa," alisema Ndugu Leodgar.

"Ahaa. Basi tutamwona akienda nayo kuanika dagaa."

Leonia hakucheka. Kulikuwa na jambo limeanza kumjia, si la kufurahisha wala la kuhuzunisha, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa sokoni asijue ni upande gani. Aliuliza swali moja tu: "Wamesema madaftari yangu yako wapi?"

Barua haikusema.

*

Habari ya madaftari yale ilianza kabla Leonia hajazaliwa. Mwaka 1912 kulikuwa na boti ya Wadachi, ndivyo walivyoitwa Wajerumani, iliyokuwa ikichoma kuni, na Rusenga ilikuwa mahali pa kupakia. Ili boti isije ikakwama mchangani, Mdachi mmoja alisimamisha chuma chenye alama katikati ya majabali ya ufuko, akamwajiri Nikodemu, baba yake Leonia, kijana aliyejua kusoma kidogo kwa kufundishwa na wamisionari. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Kila asubuhi kabla ya kula ataenda kwenye kipimo, atatazama maji yamegusa alama gani, na ataandika kwenye daftari: tarehe, namba ya maji, upepo umetoka wapi, boti imepita au haikupita. Yote kwa Kidachi, kwa sababu msomaji alikuwa Mdachi. Mdachi akamwandikia ukurasa mmoja wa mfano na maneno kama arobaini, akamwambia asikose hata siku moja mpaka atakapoambiwa aache.

Vita vikaja. Mdachi akaondoka kwa haraka, hakumwambia aache. Wakaja Wabelgiji, hawakujua kama kipimo kipo. Wakaja Waingereza, nao walikuwa na kipimo chao mjini Kigoma. Mwaka mmoja Nikodemu alibeba madaftari yake mpaka mjini, akamwonyesha Mwingereza wa bandari. Mwingereza akayapekua, akamrudishia pamoja na sigara moja. Nikodemu akarudi Rusenga kwa mguu, na kesho yake asubuhi akaenda kwenye kipimo. Watu walimcheka, wakamwita karani wa mizimu. Yeye alikuwa na jibu moja: "Kazi haijafungwa."

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, Leonia ndiye aliyekuwa mkono wake. Nikodemu hakumfundisha Kidachi; alimfundisha daftari. Leonia alipokuwa mdogo alidhani maneno yale ni ya maji tu, kama vile Kilatini kilivyokuwa cha misa tu, na kwamba hakuna mtu anayeyatumia kumwita mtoto au kuomba chumvi. Mwaka 1939 baba yake alipofariki, walirudi kutoka makaburini, Leonia akanawa mikono, akaenda kwenye kipimo. Ilikuwa imekwisha kuwa adhuhuri. Aliandika namba, na baada ya upepo akaongeza maneno mawili aliyokuwa nayo: mtu amekufa.

Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na kila asubuhi akaandika. Daftari likijaa, alinunua jingine sokoni Mwanga, mjini Kigoma, siku ya kupeleka dagaa. Hakuwa na sababu ambayo angeweza kumweleza mtu. Aliona tu kwamba siku isiyoandikwa ingekuwa kama sahani iliyoachwa bila kuoshwa.

Ndipo ziwa likapanda. Mvua zilianza mwishoni mwa mwaka wa Uhuru, zikaja mwaka wa pili, zikaja wa tatu. Maji yalipanda alama baada ya alama, na asubuhi moja ya Aprili 1964 Leonia alifika kwenye majabali asione chuma. Kipimo chote kilikuwa kimezama. Alisimama na penseli mkononi, maji yakimfika magotini, hajui afanye nini. Baba yake hakumwambia habari ya siku isiyokuwa na namba. Kuacha nafasi tupu kulikuwa sawa na kufunga kazi, na kubuni namba kulikuwa uongo. Basi akatazama huku na huku maji yamefika kwa nani, akaandika hilo. Maji yako kwa Hamdani. Siku ya pili, maji yako kwa Selestini. Alikuwa na maneno kama sitini sasa, akayatumia yote, na pale yalipokosekana akaweka la Kiswahili katikati kama anayeziba mtumbwi kwa kitambaa. Alifanya hivyo miezi mingi, mpaka kichwa cha chuma kikachomoza tena. Alizionea haya kurasa zile. Aliziona kama kurasa alizoharibu.

Mwaka 1969 Padri Anselmi, mzee wa misheni aliyekuja kumpa mgonjwa komunyo, alikaa kizingitini kwake kusubiri mvua ipite, akaona daftari. Alisoma mpaka mvua ikapita na jua likatoka. Kisha akamtazama Leonia na kumwambia maneno mengi kwa Kidachi, kwa sauti ya mtu aliyeona ndugu. Leonia alisikia neno moja tu, la maji, akaitika kwa kichwa.

"Huelewi?" Padri akauliza kwa Kiswahili.

"Hapana, Padri."

"Lakini ni wewe uliyeandika."

"Ndiyo, Padri."

Padri akachanganyikiwa. Akayaazima madaftari yote, arobaini na matatu, katika maboksi mawili ya majani ya chai, kwa wiki mbili. Nani anamnyima padri? Wiki ya pili akaugua, akachukuliwa kwa ndege mpaka kwao, na baadaye ikatangazwa kanisani kwamba amefariki. Kumbe kabla hajafa alikuwa ameyapeleka mahali.

Leonia alinunua daftari jipya na kuendelea. Isingekuwa Operesheni ya kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa, huenda asingeyauliza tena.

*

Serikali ilikuwa imechagua uwanda ulio chini ya Rusenga uwe kijiji cha ujamaa. Ulikuwa uwanda mzuri: majani mabichi, udongo mweusi, ziwa mbele. Kaya mia mbili zingeshushwa kutoka milimani, Waha wakulima wasiolijua ziwa ila kwa kuliona likimeta kwa mbali. Na katika orodha lilikuwamo jina la Yuliana, binti pekee wa Leonia, aliyeolewa huko juu, pamoja na mumewe na watoto wanne.

Siku mbili Leonia aliimba kila alipokuwa peke yake. Yuliana alikuwa mbali naye kwa safari ya siku nzima. Sasa angekuwa mbali kwa kelele moja tu. Siku ya tatu akaenda kutazama vigingi. Nyumba ya Yuliana ilikuwa ya saba, mstari wa kwanza. Leonia alisimama pale kwenye nyasi kavu, akakumbuka kwamba mwaka 1964 alipita hapo hapo akiwa ndani ya mtumbwi, na kasia halikugusa chini.

Alimfuata Ndugu Leodgar mpaka Ilagala kumwambia.

"Mama," Ndugu Leodgar alisema, na hakusema kwa ubaya, "tangu Operesheni ianze nimeambiwa mahali pana simba, mahali pana mizimu, mahali pana makaburi ya machifu. Kila mtu ana lake. Wewe wa maji ni wa kwanza, nakusifu."

"Hata Asumani atakuambia. Hata Rahabu."

"Watu wa pwani ya ziwa hawataki watu wa mlimani wawe jirani. Hilo nalijua. Ningekuwa na maandishi ningeyapeleka wilayani. Leta maandishi."

"Yapo."

"Yalete."

"Yako Ulaya."

Ndugu Leodgar alicheka mpaka akafuta macho. Ilikuwa mwezi mmoja kabla ya barua.

*

Basi barua ile ilimchanganya Leonia kwa namna yake, na iliwachanganya wakubwa kwa namna yao. Wiki iliyofuata alipelekwa mjini Kigoma, akaketishwa kwenye benchi katika ofisi moja, mbele ya mabwana wawili. Mmoja alikuwa mnene mwenye miwani, mwingine alikuwa na kalamu. Ndugu Leodgar alisimama kando yake.

"Hii ni Ujerumani ya Mashariki au ya Magharibi?" aliuliza mwenye miwani.

"Wala si mojawapo, ndugu," alisema Leodgar. "Ni nchi nyingine."

"Nyingine inayosema Kijerumani?"

"Ndivyo inavyosema barua."

"Kwa hiyo ziko tatu." Akavua miwani, akaifuta. "Hizi mbili tu zilikwisha kutusumbua. Mama, uliandika nini kuhusu nchi yetu?"

"Maji," alisema Leonia.

"Maji gani?"

"Ya ziwa."

"Ulisemaje juu yake?"

"Yamepanda. Yameshuka."

Mwenye kalamu aliandika. "Na siku ambayo hayakupanda wala hayakushuka?"

"Nimeandika yamesimama."

Mwenye kalamu akaitazama karatasi yake, kisha akamtazama mwenzake.

"Unasema Kijerumani?" akauliza mwenye miwani.

"Hapana, mwanangu. Naandika tu."

"Mtu anawezaje kuandika lugha asiyoisema?"

Leonia alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa la haki na hakutaka kulijibu ovyo. "Neno la upepo nalijua," alisema mwishowe. "Ukinisalimu, siwezi kukuitikia."

Walishauriana kwa muda mrefu. Wakaona hakuna kosa wanaloweza kulitaja, na heshima kwa taifa si kitu cha kurudisha. Wakaamua tuzo ipokelewe kwa barua. Leonia aliulizwa kama angetaka kwenda huko akialikwa, akauliza nani angesoma kipimo, na shauri hilo likaishia hapo.

Barua ya shukrani aliiandika Ndugu Leodgar, kwa Kiswahili safi chenye salamu za Chama. Leonia alimwomba aongeze mstari mmoja: warudishe madaftari.

"Haiwezekani, mama. Mtu anakupa tuzo, wewe unamdai daftari? Tutaonekana watu gani?"

"Ni yangu. Na wewe mwenyewe ulisema nilete maandishi."

"Kwanza tushukuru. Mengine baadaye."

Baadaye ilikuwa lini? Vigingi vilikuwa vimekwisha kupigwa, na malori yangeanza kushusha watu kabla ya mvua. Leonia alirudi kwake, akachana karatasi kwenye daftari, akaandika mwenyewe kwa neno hili na lile aliloachiwa na baba yake. Watu wanaopenda Kidachi kiasi hicho, aliona, wataelewa haraka zaidi wakiombwa kwa Kidachi. Lakini hakuwa na neno la kuomba, wala la kurudisha, wala la tafadhali. Ilimchukua asubuhi nzima. Yakigeuzwa Kiswahili, yalisema hivi:

*Madaftari hayako hapa. Maji leo ni madogo. Maji yatakuja. Nyumba nyingi, watu wengi, binti yangu. Madaftari yaje. Hakuna upepo.*

La upepo aliliweka kwa sababu kila ukurasa ulipaswa kuishia na upepo, na siku ile haukuwapo. Akaikunja karatasi mara nne, akamwomba Ndugu Leodgar aitie ndani ya bahasha. Ndugu Leodgar aliigeuza juu chini, akaona hakuna neno analolijua, akaitia.

*

Sanduku lilikuja Septemba. Rahabu ndiye aliyelifungua kwa panga. Mlikuwa na nishani katika kijaluba cha mahameli, mlikuwa na cheti chenye muhuri na picha ya tai, na vitabu kumi vinavyofanana vyenye jalada la kijani. Madaftari hayakuwamo. Wakamwita Ndugu Leodgar asome barua ya sista.

Sista aliandika kwa furaha. Sherehe ilikuwa kubwa. Waziri mwenyewe alisoma mbele ya watu lile shairi fupi ambalo Bibi Leonia alilituma, na ukumbi mzima ukanyamaza, na mama mmoja mbele akalia. Wamelichapa kuwa ukurasa wa mwisho wa kitabu. Wengi wanauliza kama ana mengine. Kuhusu madaftari, asiwe na wasiwasi kabisa: yamewekwa katika maktaba ya taifa, katika chumba kisicho na unyevu wala mchwa, na yatakaa humo milele.

"Shairi gani?" Leonia akauliza.

Ndugu Leodgar alifungua ukurasa wa mwisho, akamwonyesha. Leonia akauona. Lilikuwa lile ombi lake, mstari mmoja mmoja, katikati ya karatasi nyeupe kubwa.

"Niliwaomba madaftari," alisema taratibu.

"Nilidhani umewashukuru," alisema Ndugu Leodgar.

"Wewe ndiye uliyewashukuru. Mimi niliomba."

"Na wao wakalia," alisema Rahabu. "Mungu Imana atuhurumie. Siku nikiwa na shida na mimi nitawaandikia, wasimame wote waimbe."

Ndugu Leodgar akachukua kitabu kimoja, akaaga, akaenda zake. Leonia alikaa chini na kitabu kingine magotini, akakifungua mwanzo. Kwa dakika nyingi hakuelewa anachokiona. Tarehe zilikuwapo, upepo ulikuwapo, lakini namba za maji hazikuwapo. Waliziondoa. Watu wale walitaka maneno; namba waliziona si maandishi. Baba yake, aliyeandika miaka ishirini na saba bila kukosa, na ambaye hakuandika neno la ziada hata siku aliyoumwa na nyoka, alikuwa amebaki na kurasa mbili. Leonia alizihesabu mara mbili kwa kidole.

Lakini mwaka 1964 ulikuwa na kurasa thelathini na nne. Yote aliyoyaonea haya, yote aliyoandika kwa kukosa cha kuandika, yalikuwamo bila kupungua nukta. Leonia alikifunga kitabu, akakifungua tena, kana kwamba kwa mara ya pili kingesema vingine. Siku kazi ilipomshinda ndizo siku walizozitaka. Alijaribu kuelewa wamemsifu kwa nini, na kila alipokaribia kuelewa, jambo lilimponyoka kama sabuni mtoni.

Rahabu alikuwa anaijaribu nishani kwenye kanga yake. "Sasa utafanyaje?"

"Sijui."

Akakaa mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni. Kisha akafungua tena kurasa za Aprili na Mei, na safari hii akazisoma si kama mwandishi anayekagua, bali kama mtu anayetafuta njia ya kurudi nyumbani. Kwa Hamdani. Kwa Selestini. Kwa Asumani.

*

Wiki mbili baadaye malori yalishusha watu uwandani. Yuliana alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Leonia alimkuta kigingi cha saba, ameshatandika mkeka, ameshapanga masufuria, watoto wanakimbilia maji na kurudi wakipiga kelele.

"Mama, tazama," Yuliana alisema. "Kutoka hapa nitakuwa naona moshi wako asubuhi. Nitajua umeamka."

"Naona," alisema Leonia.

Mkutano uliitwa mchana. Ndugu Leodgar alisimama juu ya gogo, akawakaribisha watu wa mlimani, akawapongeza wa ziwani. Alipomaliza akauliza kama kuna swali. Leonia alipita mbele akiwa na kitabu cha kijani mkononi. Nishani aliiacha nyumbani, lakini Rahabu aliivaa yeye, akasimama nyuma yake.

"Ndugu Katibu, uliniambia nilete maandishi."

Ndugu Leodgar alikiangalia kitabu, akaangalia watu. "Hicho ni kitabu cha tuzo, mama. Tunakiheshimu."

"Ndicho hicho hicho. Nikisome?"

Hakuweza kukataa mbele ya watu mia tano kusomwa kwa kitabu kilichopigwa muhuri na serikali. Akaashiria kwa mkono. Leonia alisoma kwa kidole, akigeuza neno moja moja kuwa Kiswahili, na sauti yake haikuwa kubwa, ikabidi watu wanyamaze.

"Tarehe kumi na nne Mei, elfu moja mia tisa sitini na nne. Maji yako mlangoni kwa Asumani. Asumani yuko juu ya paa. Mbuzi wawili wako juu ya paa. Hakuna upepo."

Watu walicheka, hata wa mlimani. Asumani, mzee wa Kibwari mwenye kofia ya kufuma, alisema kutoka nyuma: "Watatu. Nilikuwa na mbuzi watatu."

"Umesikia?" Ndugu Leodgar akasema. "Mwenyewe anakataa. Na lugha hii hapa hakuna anayeijua ila wewe, mama. Nitajuaje kama husomi ya kichwani?"

Leonia aliinamia kitabu tena. Alirudisha ukurasa mmoja nyuma, akaweka kidole. "Tarehe kumi na tatu. Maji yako karibu na Asumani. Mbuzi mmoja wa Asumani amekufa."

Hakuna aliyecheka. Asumani alivua kofia, akaitazama ndani.

"Ndivyo," alisema. "Yule wa madoa. Alikufa maji jana yake. Nilikwisha kumsahau."

Ndugu Leodgar alishuka kwenye gogo. Alichukua kitabu mwenyewe, akakiinamia, na kidole chake kikapita juu ya maneno asiyoyajua mpaka kikakuta jina linalosomeka kwa kila mtu: *Wasser bei Asumani.* Alilisoma kwa midomo bila sauti. Akapekua. Hamdani alikuwapo. Selestini alikuwapo. Tarehe zilikuwapo.

"Mzee," alimwambia Asumani, "nyumba yako ya wakati ule ilikuwa wapi?"

Asumani aliinua fimbo. Hakuielekeza ziwani. Aliielekeza nyuma ya watu, nyuma ya vigingi vyote, juu kwenye mwinuko, ambapo mchikichi mmoja ulisimama peke yake na chini yake mawe matatu ya jiko yalikuwa bado hayajaondolewa. Watu wote mia tano waligeuka. Kisha, polepole, wakageuka tena kutazama maji, wakipima kwa macho. Mwanamke mmoja wa mlimani alimwita mtoto wake atoke ufukoni.

Ndugu Leodgar alikaa kwenye gogo alilokuwa amesimama juu yake. Alionekana mtu aliyechoka ghafla. "Nitawaandikia wilayani," alisema. "Mistari yote iliyo chini ya mchikichi ihamie juu. Tuanze leo, kabla sijajibiwa."

"Na wakiuliza ushahidi?" akasema mjumbe mmoja.

"Nitaambatanisha kitabu."

"Hakuna atakayeweza kukisoma."

"Ndiyo maana nitakiambatanisha," alisema Ndugu Leodgar, akamrudishia Leonia nakala yake.

Jioni vigingi viling'olewa. Yuliana alikunja mkeka, akaupanga mzigo upya, na alipojitwisha ndipo akasema, "Huko juu kilima kidogo kitatuziba. Sitauona moshi."

"Sitakuwa mbali."

"Lakini sitauona, mama."

Leonia alitafuta la kumwambia. Alikuwa na Kiswahili chote na Kiha chote, na bado hakulipata. Akajitwika masufuria, wakapanda pamoja.

*

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye kipimo kama kawaida. Maji yalikuwa chini sana, yametulia, na chuma cha Mdachi kilionyesha alama zake karibu zote, na kutu imezila. Alisoma namba, akafungua daftari, akaandika tarehe, akaandika namba. Penseli ikasimama.

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayesoma. Baba yake alikuwa na Mdachi wake. Yeye hakuwa na mtu. Sasa alijua kwamba mahali fulani penye theluji kuna watu wanaosubiri neno lake lijalo, na kwamba wakilipata watalia au watapiga makofi, na hakuna ajuaye watafanya lipi wala kwa nini. Akaona haya, kama mtu aliyegundua kwamba dirisha lililo nyuma yake lilikuwa wazi siku zote. Alitazama kando. Alitaka kuandika upepo tu na kuondoka.

Ukurasa ulikuwa na nafasi. Alitazama juu kwenye mwinuko. Mchikichi ulionekana, na nyuma yake kilima, na nyuma ya kilima hakuna kilichoonekana. Lakini juu ya kilima, kwa kuwa hakukuwa na upepo, moshi mwembamba ulikuwa unapanda wima, na hakuweza kujua kama ni wa Yuliana au wa jirani yake.

Aliandika kwa Kidachi: *Maji yako mbali na nyumba ya Yuliana.* Akasoma tena. Akafikiri kama aongeze habari ya moshi, akakumbuka kwamba baba yake hakumwachia neno la moshi.

Akaandika hakuna upepo, akafunga daftari, akaenda kuanika dagaa.